Mlango wa Upande wa Juu

Jumanne, 9 Aprili

Mke wangu kaniletea daftari hili kwa sababu amechoka. Anasema kila nikitoka kwenye kikao cha kamati ya ujenzi namsimulia mpaka chakula kinapoa, sasa nikalisimulie daftari. Haya. Katibu wa kamati ni mimi na muhtasari nauandika mimi, lakini muhtasari una adabu kupita kiasi. "Wajumbe walijadili kwa kina." Nani atajua kwamba kujadili kwa kina maana yake Mwenyekiti alikuwa anagonga meza kwa funguo na mimi nimesimama nimetoa macho? Humu nitaandika mambo yalivyokuwa. Na wewe mke wangu, najua utasoma, kwa hiyo salamu.

Leo ni siku ya kuandikwa. Sisi tunasali ghorofani, juu ya duka la magodoro, na mtaa mzima unatuita Kanisa la Magodoro. Tumevumilia. Sasa tuna kiwanja chetu wenyewe, na leo ramani ya kanisa imewekwa mezani. Aliyeichora ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, kijana msomi, mpole, sauti yake huisikii kama mashine ya kunyolea imewashwa kwenye kibanda changu cha kinyozi. Akaikunjua karatasi. Jamani! Uso wa kanisa unatazama barabara ya lami. Ngazi pana zinapanda mpaka kwenye mlango mkubwa wa mbao. Ndani kuna darasa la watoto wadogo na ukumbi ambao mtaa wote utautumia, hata wasiosali kwetu. Mwenyekiti, mama ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na hapigi makofi ovyo, alipiga mpaka funguo zikaanguka.

Kila mjumbe alipokuwa anatoka nilimkumbusha kwamba kijana ni mkwe wangu. Walikuwa wanajua.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwonyesha Mama ile ramani.

Lazima nieleze. Kwaya ya kanisa hili ilizaliwa sebuleni kwa mama yangu, watu sita na meza imesogezwa ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa anawapa sauti. Sasa miguu imemgomea, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na tangu imgomee hajapanda kule ghorofani. Vijana wa kanisa walijitolea kumbeba. Aliwaangalia kwa upole akasema, "Wanangu, yanayobebwa kwenye zile ngazi ni magodoro." Basi, ikawa imetoka hiyo. Mchungaji anamletea meza ya Bwana nyumbani, wanasali wawili, anamshukuru, halafu Jumapili anakaa dirishani kutwa. Mama hana aibu ya ugonjwa. Ana aibu ya kubebwa.

Aliishika ramani mbali na macho, akaisoma polepole.

"Ngazi nzuri," akasema.

"Umezipenda, Mama?"

"Nimezipenda. Nitakuwa nazitazama kutoka barabarani."

Hakusema kwa uchungu wala kwa kijembe. Akanirudishia karatasi, akauliza kama chai iko tayari. Mimi chai ilinishinda. Ningewezaje kuzipigia makofi zile ngazi na nisimkumbuke mama yangu mzazi?

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua imeanza. Nimempigia mkwe.

"Mwanangu, zile ngazi ni za lazima?"

"Baba, kiwanja kina mteremko. Upande wa barabara ardhi iko chini sana. Sakafu isipoinuliwa, mvua kama hii inaingia ndani."

"Njia ya kiti cha magurudumu je?"

"Nililifikiria hilo kwa ajili ya Bibi. Njia hiyo inataka urefu, na kati ya mlango na lami hakuna nafasi. Nikiilazimisha itakuwa kali, hata mwenye miguu mizima atateleza. Samahani, Baba."

Kinyozi mwenzangu ningemfokea. Mkwe hafokewi. Nikamuuliza hali ya mjukuu, nikakata simu.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo tumelichora kanisa chini. Ni wazo la mkwe: washirika wengi ramani haiwaingii akilini, basi ipigwe vigingi na kamba kiwanjani kwa ukubwa wake halisi, kuta zifuatishwe kwa chokaa, kila mtu aingie aone kabla ramani haijapelekwa halmashauri. Mkutano wa washirika wa kuipitisha ni mwezi ujao. Tumefanya kazi kutwa. Jioni nilisimama pale madhabahu itakapokuwa, mikono myeupe kwa chokaa. Nilijisikia mfalme, niseme uongo?

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya ibada sote tulishuka ghorofani tukaenda kiwanjani. Nimecheka sina mbavu. Kamba iko chini ya magoti, lakini hakuna aliyeivuka! Wote walizunguka mpaka upande wa barabara, wakapanda vingazi vya udongo tulivyochimba, wakaingia "mlangoni". Mzee mmoja alivua kofia. Mama mmoja alipiga hodi. Mtoto akapita katikati ya ukuta, Mwenyekiti akamwita, "Wewe! Mstaarabu hapiti ukutani!" akamrudisha atoke aingie upya.

Mama nilimsukuma mpaka kando ya barabara. Vile vingazi vilikuwa tope tupu. Akakaa pale chini na mwavuli wake, akitazama watu wanavyoshikana mikono ndani ya kanisa lisilo na kuta. Kwaya ilipoimba aliwasahihisha kwa kidole kutoka barabarani. Hawakumwona.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Chokaa yote imekwenda na maji.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumelichora upya. Mkutano wa maombi wa Jumatano umehamia kiwanjani kwa matakwa ya washirika wenyewe, wakibahatisha mvua. Watu wamelipenda kanisa lao la kamba.

Jambo dogo: upande wa juu kamba imelegea na kigingi kimelala. Nimekisimamisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Kigingi kilekile kimelala tena. Nimekigongomea zaidi.

Jumanne, 23 Aprili

Tena! Pale pale! Sasa nimechukia.

Upande wa juu kuna kijia cha changarawe na safu ya vyumba vya kupanga. Hawasali kwetu wale. Nilimkuta dada mmoja anaanika nguo, kazi yake dobi, mtaa wote tunamwita Dobi. Nikamwambia kistaarabu (mke wangu anasema kwangu kistaarabu ni kelele) kwamba kanisa si njia ya kupitia, wapangaji wakome kuvunja ukuta wetu.

Akaweka beseni chini, akashika kiuno.

"Ukuta uko wapi, Bwana Kinyozi?"

"Si huo hapo!"

"Mimi naona kamba. Ila nimeona na ramani yenu, mlituletea wenyewe. Nikuulize. Huku kwetu mmeweka nini?"

Nikajifanya nakaza kamba, maana nilikuwa najua.

"Vyoo," akasema. "Ngazi nzuri mmewapa wenye magari wanaopita, sisi majirani mmetupa vyoo mlangoni. Halafu unasema kanisa la kuhudumia mtaa. Mtaa gani? Na kamba yenu hatujaigusa. Tutaivuka twende wapi?"

Nimeondoka nimenywea. Sikuamini habari ya kamba, lakini ya vyoo nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Alhamisi, 25 Aprili

Kikao. Nimelileta suala la ngazi. Nilijiandaa vizuri, nikasema kwa sauti ya chini kwamba kuna wazee, kuna wagonjwa, kuna wajawazito, na tusiwaache nje.

Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Katibu, sema ukweli. Unataka tujenge kanisa la mama yako."

Chumba kizima kikatazama meza.

"Na mchoraji ni mkwe wako," akaendelea. "Nje watasema familia moja imelifanya kanisa nyumba yao. Mimi nampenda mama yako kuliko unavyofikiri. Lakini nimefundisha mtaa huu maisha yangu yote, na wanafunzi wangu wakinikuta njiani wananiuliza, 'Mwalimu, bado uko Kanisa la Magodoro?' Wanacheka. Nataka siku moja wapite kwenye ile lami wanyamaze."

Ni kweli nilikuwa namsemea mama yangu. Wale wagonjwa na wajawazito niliwaokota njiani nikienda kikaoni. Kwenye muhtasari nimeandika: "Suala liliahirishwa."

Ijumaa, 26 Aprili

Habari zimefika nyumbani kabla yangu. Mama hakuniitikia shikamoo ya asubuhi mpaka nilipoirudia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mama."

"Basi usiniombee mlango. Mimi si wa kuombewa mlango. Watu watasema lile kanisa lilipindishwa kwa ajili ya bibi mmoja, na mimi nitaingia humo na uso gani? Wewe mtoto, usinifanye mimi sababu."

Nina miaka hamsini na kitu, na mvi hata kinyozi mwenzangu amekata tamaa nazo, lakini niliitwa mtoto nikasimama wima. Na nilijisikia fahari. Mama yangu miguu imekufa, shingo haijakufa.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumelichora upya. Mvua nyingi. Kigingi kimelala.

Alhamisi, 2 Mei

Kigingi.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimemkamata mhalifu.

Nilifunga kibanda asubuhi, nikaenda kujibanza nyuma ya mashuka ya Dobi. Aliniona, akacheka, akaendelea kuanika, hata shuka moja akalisogeza nijifiche vizuri. Hatukukaa sana. Mtu akaja mbiombio kwenye kile kijia, Biblia kwapani. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akapandisha suruali, akaivuka kamba pale pale kwenye kigingi changu, mguu wa nyuma ukakikwaa kikalala. Akageuka akaiambia kamba, "Samahani."

Mchungaji!

Nikachomoza kwenye mashuka. Maskini karibu azimie.

"Mchungaji, hata wewe?"

"Kinyozi, naomba isifike kwa Mwalimu," akasema, mkono kifuani. "Mimi naishi huku juu. Kuzunguka mpaka barabarani kwenye tope lile kila ninapokuja kuomba... Nilijua ni mimi peke yangu. Kila nikivuka dhamiri inanisuta."

Dobi alikuwa amejifunika shuka usoni, mabega yanatikisika. Akasema, "Peke yako? Mchungaji, keti hapa nami kidogo."

Tukakaa kwenye ndoo zake, wote watatu. Walikuja mmoja mmoja. Mhasibu wetu. Wasoprano wawili. Yule mzee aliyevua kofia. Kila mmoja kushoto, kulia, hop! Wanaokuja kuomba, wanaokuja kufagia, wanaokuja kutazama tu kwa sababu wamelipenda. Jumapili tukiwa wengi tunazunguka kwa heshima, siku za kazi kila mtu anaruka akiamini yeye ndiye mwenye dhambi pekee. Nikashuka kwenda kusimamisha kigingi, na kwenye tope nikaona alama ya kiatu chenye kisigino kilicholika upande. Kisigino changu. Mimi mwenyewe kila nikija kukikagua kigingi huwa napitia hapo! Naishi huku juu. Karibu sote tunaishi huku juu. Barabarani hakai mtu, kuna maduka tu.

Nimemwomba Dobi radhi. Akasema radhi ataipokea nikimnyolea mjomba wake mkorofi.

Jumamosi, 11 Mei

Mkwe amekuja mvua ikinyesha hasa. Nilimwita. Nilimwambia tu, "Mwanangu, njoo uone watu wanapita wapi," sikumtaja Bibi.

Alisimama na mwavuli kwenye kile kijia cha juu muda mrefu, viatu vyake vya ofisini vimekwisha. Akatazama nyayo. Akatazama maji yanavyoshuka, yanavyogawanyika pande mbili kwenye kituta kidogo na kupita pembeni. Akachutama akaweka ubao wa kupimia usawa, akautazama, akautazama tena.

"Baba," akasema, "hapa ardhi iko sawasawa na sakafu."

"Maana yake?"

"Maana yake hapa hakuna hata ngazi moja. Mtaro wa kupokea maji, mfuniko juu yake, mtu anaingia kama anavyoingia sebuleni." Akajifuta uso. "Nilikichora hiki kiwanja kutoka barabarani, kwa sababu nilikuja kwa gari. Nikaona barabara ndiyo mbele. Na vyoo Baba vikae kule chini, maji machafu hayapandi mlima. Nilikuwa napigana na mteremko bure."

Nilitaka kumkumbatia, lakini mkwe hakumbatiwi kwenye mvua mbele ya wapangaji. Nikamshikia mwavuli. Mtu mwingine angeitetea kazi yake mpaka meno yang'oke. Binti yangu kaolewa na mwanaume.

Jumatano, 15 Mei

Mkwe kachora ramani ya pili. Mwenyekiti hakuifungua. "Ramani ya kanisa hili ni moja, na kamati ilishaipigia makofi. Mkutano ni Jumapili. Anayetaka mlango wa uani akajenge uani."

Nilimtetea kijana, nikatokwa na povu, nikaambiwa niketi. Ikipita ile ya kwanza Jumapili, Jumatatu inapelekwa halmashauri, na Mama ataendelea kulitazama kanisa lake kutoka barabarani mpaka siku atakayozikwa. Na siku hiyo, ndiyo, atapandishwa ngazi akiwa amebebwa.

Mama anaona sijala. Hajauliza.

Jumapili, 19 Mei

Nimerudi sasa hivi. Mke wangu ananiambia nivue viatu kwanza. Ngoja.

Mkutano ulifanyika kiwanjani, washirika wote kwenye viti vya plastiki ndani ya kamba, miavuli juu, manyunyu yanaanguka. Tulizunguka kama kawaida tukaingia kwa mlango wa barabarani, tope mpaka vifundoni. Tulikuwa tumeshakaa, tunamsubiri Mwenyekiti. Yeye hachelewi kamwe, lakini mvua ilikuwa imemkamata nyumbani.

Na nyumbani kwake ni huku juu.

Tulimwona akija na kile kijia, mwavuli umepinduka, mkoba mkononi, gauni la bluu la sherehe. Upepo unampiga usoni, hatuoni. Akafika kwenye kamba. Haki ya Mungu sijui kama alifikiri. Alikusanya gauni kwa mkono mmoja, akainua mguu, akavuka, akainua wa pili, akavuka. Hakukikwaa hata kigingi. Ule haukuwa mguu wa mara ya kwanza.

Akainua uso. Kanisa zima linamtazama.

Hakuna aliyecheka. Nani angethubutu? Mchungaji alikuwa anakagua vidole vyake. Mwenyekiti akasimama pale, mvua inamchuruzika, akaitazama kamba, akatutazama sisi. Nikajiambia sasa atatugeuzia kibao, atasema ni mvua, ni upepo, ni mara moja tu. Mimi kwenye nafasi yake ningesema hivyo.

Akafunga mwavuli.

"Anayepita hapa siku za kazi," akasema kwa sauti ya darasani, "anyooshe mkono."

Mkono wa Mchungaji ukapanda, kidogo tu, usawa wa sikio. Wangu. Wa mhasibu. Wasoprano. Yule mzee alinyoosha kofia. Ukienda nyuma mikono ikazidi kupanda, watu wanageuka kutazamana, "Hata wewe?" "Na wewe?" mpaka vikaanza vicheko, na mwisho hapakuwa na mkono uliobaki chini isipokuwa wa Mwenyekiti.

Akaunyoosha.

"Teremsheni. Nimekuwa nawakataza watoto kupita ukutani." Akavuta pumzi. "Kumbe tumeujenga ukuta mlangoni. Mkwe wa Katibu yuko wapi? Njoo mwanangu. Lete hiyo karatasi niliyokataa kuifungua."

Mkwe akaja mbele na sauti yake ndogo. Aliposema vyoo vinahama kutoka mlangoni kwa majirani, nilisikia kigelegele upande wa baraza la Dobi. Aliposema ukuta wa barabarani utakuwa na dirisha refu kuliko duka lolote pale, taa ikiwashwa ndani kutaonekana kote, Mwenyekiti alimkatiza.

"Wapitao watanyamaza?"

"Watanyamaza, Mwalimu."

"Inatosha. Wanaokubali?"

Mikono yote, kwa mara ya pili. Sikuhesabu.

Nilimfuata baadaye kumshukuru. Akanikata jicho. "Usinishukuru, Katibu. Mama yako sikumtaja, wala wewe hukumtaja. Mlango uko pale kwa sababu ndipo tunapoingilia. Mwambie hivyo hivyo, usitie chumvi." Nilikuwa namwona huyu mama mgumu kama jiwe la kunolea. Leo nimejivunia kuwa chini ya uenyekiti wake, na kwenye muhtasari nitaandika kwa kirefu kwamba mkono wa mwisho ulikuwa wake.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Nimemwambia Mama hivyo hivyo.

"Wewe hukuniombea?"

"Sikukutaja hata kidogo."

"Mwalimu ndiye aliyesema?"

"Yeye mwenyewe, Mama. Sote tulikuwa tunaingilia hapo."

Akakaa akinitazama, anatafuta uongo usoni mwangu kama alivyokuwa akitafuta nilipokuwa shule. Hakuupata. Akamwita mke wangu.

"Lile gauni langu la kwaya," akasema, "panya hawajalila?"

Jumatatu, 20 Mei

Ramani imepelekwa. Nimenyoa watu nusu ya bei. Usinigombeze.

Jumamosi, 25 Mei

Tumelichora upya, la mwisho, kwa ramani mpya. Kigingi cha upande wa juu nimeking'oa kwa mkono wangu. Mvua imepungua. Mama ana mafua, kesho hatoki. Amekasirika na mafua.

Ijumaa, 31 Mei

Mafua yamekwisha. Gauni limebanwa kiunoni na mke wangu.

Jumapili, 2 Juni

Dobi alikuwa ameondoa kamba zake zote za kuanikia kwenye kijia bila kuombwa, na changarawe kazisawazisha. Nilimsukuma Mama mpaka mlangoni, pale kwenye mwanya kati ya kigingi na kigingi. Ndani watu wameshasimama, kwaya imeanza.

"Achia," akasema.

"Mama, nikusukume tu kidogo..."

"Nimesema achia."

Nikaachia. Akashika magurudumu kwa mikono yake mwenyewe. Akaenda. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyembeba, hapakuwa na ngazi. Akaivuka ile chokaa, gurudumu likaikata, akaingia. Kwaya ilijaribu kuendelea ikashindwa, maana wale wa zamani sauti ziliwakauka, na Mwenyekiti alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba ambacho hakikuwepo. Mama akafika katikati. Akageuka akamwona Dobi amesimama nje.

"Na wewe umezuiwa na nani? Ingia."

Dobi akaingia na beseni lake kichwani.

Halafu mpiga ngoma mmoja wa kwaya akatazama juu, na mvua ikatuangukia. Si manyunyu, mvua hasa, ile ya kuaga msimu. Viti vikapinduka, watu wakakimbia kila upande, wengine kwa Dobi barazani, wengine chini kwenye maduka. Mchungaji akaficha Biblia ndani ya koti akakimbilia kwenye kile kiti cha magurudumu, nami nikafika upande wa pili, tukashika wote ili tumtoe.

Mama akaweka mikono yake kwenye magurudumu, akayakaza.

"Mnanipeleka wapi?"

"Mama, mvua!" nikapiga kelele. "Hakuna paa!"

"Paa litakuja," akasema, maji yanamtiririka kwenye lile gauni la kwaya. "Mimi ndiyo kwanza nimeingia."

Mchungaji akamwachia. Nikamwachia. Kule barazani watu walisikia, maana mama yangu sauti ile aliyokuwa anawapa watu sita sebuleni bado anayo. Mwenyekiti ndiye aliyetoka wa kwanza kwenye mvua, bila mwavuli. Kwaya ikafuata. Wote wakarudi, wakapitia mlangoni, na Dobi akashika beseni juu ya Biblia ya Mchungaji ili aweze kusoma. Tukaendelea pale tulipoishia.